Kufufua wembe wa zamani wa kukunja na kuutengenezea mpini wa mpingo

Kama kwenu kuna wembe wa kukunja umelala kwenye sanduku miaka na miaka, umeshika kutu na mpini umepasuka, usiutupe, na wala usimpelekee fundi anayenoa visu kwa jiwe la kuzunguka. Hili la pili nalisema mapema kabisa kwasababu nyembe nyingi nzuri zimekufa ivo. Chuma chake kwenye makali ni chembamba sana, kikigusa jiwe la umeme kinashika moto ndani ya sekunde, na ugumu wake wote ulipatikana kiwandani kwa kukichoma, kukipoza ghafla alafu kukipasha tena taratibu kwenye joto la kama nyuzi 200 hivi. Ukikipandisha juu ya hapo ugumu unaondoka. Utaona rangi ya majani makavu, kisha bluu, na bluu hiyo maana yake ni karibu nyuzi 300, na hata ukiipolishi rangi ikatoka ugumu haurudi. Wembe utang'aa vizuri tu ila hautashika makali tena.

Kwahiyo kazi yote humu ni ya mkono: msasa, mafuta, tupa, nyundo ndogo na muda wako. Na katika kila hatua jitahidi kuondoa chuma kidogo kuliko unavyotamani.

Kwanza jua umeshika nini

Nyembe hizi nyingi zilitoka miji michache. Sheffield Uingereza na Solingen Ujerumani ndo wakubwa, alafu Thiers kule Ufaransa na Eskilstuna Sweden. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mkia, yaani kile kipande kinene kilichopo kati ya bapa (chuma chenyewe chenye makali) na pini inayolishikia kwenye mpini. Nyota na msalaba wa Malta ni Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, IXL ni George Wostenholm wa hapohapo Sheffield, mapacha wawili ni J.A. Henckels wa Solingen. Ukikuta pia neno England au Germany, mara nyingi ni wembe wa kuanzia 1891 kuja huku, kwasababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka na viwanda hivi vilikuwa vinauza sana huko. Maandishi haya usiyapitishie msasa hata kidogo. Yapake mafuta, yasugue na mswaki wa zamani, basi. Ukishayafuta umefuta cheti cha kuzaliwa cha wembe wako.

Upana wake unapimwa kwa sehemu ya nane ya inchi, toka mgongoni mpaka kwenye makali. Wa 5/8 ndo wa kawaida, 6/8 ni mpana kidogo, na zile za Sheffield za zamani zaidi zinafika 7/8 na ni nzito, bapa lake kama kabari nene, wakati za Solingen za baadaye zimekwanguliwa pande zote mbili mpaka katikati zikawa nyembamba kama karatasi. Humu ntatumia mfano wa Joseph Rodgers wa 6/8 ambao vibao vya mpini wake, vya pembe, vilishaliwa na wadudu, ila hatua ni zilezile kwa wembe wowote.

Sasa shika taa au tochi ya simu, simama sehemu yenye kivuli na umulike bapa kwa pembeni taratibu toka kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mkia, mpaka ncha. Unatafuta ufa. Ufa ukiwepo, hata mdogo kiasi gani, hasa ule unaopanda toka kwenye makali kwenda mgongoni, wembe huo usinyolee, weka kama kumbukumbu. Kutu ya juu sio tatizo. Vishimo vya kutu katikati ya bapa navyo sio tatizo, ni sura tu. Vishimo vilivyopo kwenye milimita mbili za mwisho kuelekea makali ndo vya kuogopa, kwasababu ukinoa ukafika kwenye kishimo makali yanakatika hapo na kila ukinoa yanakatika tena.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni mgongo. Wembe ukinolewa unalazwa bapa kwenye kinoo, mgongo na makali vinagusa jiwe kwa pamoja, kwahiyo mgongo ndo unaopanga pembe ya makali. Utaona mstari bapa unaong'aa kwenye mgongo pande zote mbili. Ukiwa mwembamba na sawasawa, safi. Ukiwa mpana sana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, aliyekuwa nao alikuwa ananoa kwa kuegemea, na wewe utakuwa na kazi ya ziada mbele.

Kutoa mpini wa zamani

Pini zimegongwa vichwa pande zote mbili, hazifunguki kwa bisibisi. Chukua tupa ndogo, ondoa kichwa cha pini upande mmoja mpaka wosha yake ilegee, alafu laza kibao juu ya mbao yenye tundu na usukume pini itoke chini kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Kabla ya hapo funika makali kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mizunguko miwili mitatu. Wembe butu bado ni wembe.

Vibao vya zamani usivitupe hata kama vimevunjika, utavihitaji kuchora umbo. Ila viangalie ni vya nini. Pembe ya ng'ombe inakuwa na mawingumawingu ya kahawia au nyeusi kabisa. Plastiki za zamani nyingi ni seluloidi, na hii naomba uichukulie kwa uzito: inawaka moto kwa kasi sana, na ikizeeka inaoza na kutoa mvuke unaokula chuma. Ukikuta kutu imejaa pale tu bapa linapofunikwa na vibao na pengine pote pasafi, ukanusa harufu kali, basi ni hiyo. Itoe, usiitie moto, usiipige msasa, na usiiweke droo moja na nyembe nyingine.

Kuna pia vya pembe za ndovu, vyeupe vyenye mistari laini, na vya gamba la ng'amba. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989 na ng'amba naye yumo kwenye ulinzi huohuo, kwahiyo usinunue, usiuze wala usipande navyo ndege. Bapa tunaweza kulipa mpini mwingine mzuri kabisa.

Kutu

Hapa ndo watu wanaharibu kwa haraka. Loweka bapa kwenye mafuta, mafuta ya cherehani yanafaa sana, au dawa ya kulegezea kutu ya kopo, uache usiku kucha. Asubuhi futa, utashangaa nusu ya uchafu umetoka na kitambaa. Siki sishauri, inafanya kazi ila inakula chuma chenyewe na kukiacha cheusi, na kwenye makali membamba ivo dakika chache za kusahau zinatosha kuleta hasara.

Baada ya hapo tafuta kipande cha mbao kilichonyooka, laza bapa juu yake makali yakiishia pembeni ya mbao bila kuning'inia, ili ukikandamiza lisipinde. Kunja msasa wa maji kwenye kipande cha raba au kizibo, weka tone la mafuta, na usugue. Swali la namba ya kuanzia jibu lake ni hili: anza na laini kwanza. Jaribu 800. Ikishindwa kabisa shuka 600, ikishindwa shuka 400, na chini ya hapo uwe na sababu ya maana. Kila mkwaruzo wa msasa mnene utakuja kuulipia baadaye kwa kuufuta na msasa mwembamba, na kila ukifuta chuma kinapungua. Mkono uende toka mgongoni kuelekea makali na kuishia nje, au kwa urefu wa bapa, kamwe usirudishe kidole kuelekea kwenye makali. Hiyo ni sheria, vidole havina spea.

Ukibadili namba badili na uelekeo. Ukisugua 600 kwa upana, 800 sugua kwa urefu, 1000 kwa upana tena, na kuendelea mpaka 2000. Kwa njia hiyo mikwaruzo ya zamani inaonekana wazi imekatiza, na hauendi namba inayofuata mpaka imeisha yote. Wengi wanaruka hapa, wanaenda kwenye polishi mapema, kisha wembe unang'aa ila ukiumulika unaona mikwaruzo mirefu chini ya mng'ao.

Vile vishimo virefu viache. Sipendi kabisa wembe wa miaka mia uliosuguliwa mpaka ukawa kama umetoka dukani leo, bapa limekuwa jembamba, kona zote zimeliwa zimekuwa duara na maandishi yamefifia. Alama za umri ni zake. Na usiguse ule mstari wa mgongoni unaokaa kwenye kinoo, ukiula msasa umebadilisha pembe ya makali. Kama bapa lina maua au maneno ya rangi ya dhahabu, polishi ya chuma usiipitishe hapo, dhahabu ile ni utando mwembamba sana unatoka na kitambaa palepale.

Ukimaliza osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha, futa na spiriti, paka mafuta. Kama unakaa Dar, Tanga, Mombasa au popote penye hewa ya chumvi, usiache chuma kitupu hata usiku mmoja, asubuhi utakuta vidoa vya rangi ya chungwa.

Vibao vya mpingo

Sasa tumefika ninapopapenda. Mpini wa wembe ni vibao viwili vyembamba, pini ya mbele inayozungukiwa na bapa, pini ya nyuma, na kabari ndogo katikati yao huko mwisho wa nyuma wa mpini. Ndo hivyo tu, lakini kila kitu humo kina sababu.

Mti wangu ni mpingo. Wazungu wanautengenezea klarineti na zumari zao, wachongaji wetu wa Kimakonde wanaujua toka enzi, na kwa mpini wa wembe una sifa zote: mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama, una mafuta yake ya asili, haunywi maji kirahisi, na ukisuguliwa vizuri unang'aa wenyewe bila vanishi. Kama uko Dar nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, uliza vipande vilivyobaki. Unahitaji kipande cha urefu wa sentimita 16, upana sentimita 3 na unene kama sentimita 1 tu, kwao hiki ni cha kutupa. Chagua cha zamani kilichokauka, kisicho na ufa wa nywele kwenye vichwa, na nyuzi zake ziende kwa urefu wa kibao. Nyuzi zikikatiza kibao kitavunjika siku unagonga pini. Wembe uliokamilika kwa matumizi yako ni jambo moja, ila magogo na mbao za mpingo kuzitoa nje ya nchi zinataka vibali, jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, imo CITES toka 2017.

Mpingo mweusi una tabaka la nje, chini ya gome, la rangi ya njano mpauko. Wengi wanalikata. Mimi nalipenda likibaki kama mstari mwembamba kwenye ukingo wa juu wa vibao vyote viwili, wembe ukifungwa unaona ule uzi wa njano unakimbia toka mbele mpaka nyuma juu ya weusi. Ila hakikisha ni gumu na halijaliwa na wadudu.

Kabla ya kukata chochote fanya kazi ya karatasi. Chukua kadibodi ngumu, chora umbo kwa kufuatisha kibao cha zamani, kata, toboa tundu la mbele kama milimita 6 toka mwisho, choma sindano au msumari mdogo ukipitisha kwenye tundu la mkia wa wembe, na ufunge wembe kwenye kadibodi. Angalia mambo matatu. Makali yote yafichwe ndani ya umbo, yabaki angalau milimita 3 mpaka ukingo. Ncha ya bapa isifike inapokaa kabari, iache nafasi ya milimita kadhaa. Na mkia mwembamba wa kufungulia usigonge kibao wembe ukifunguka wote. Kata kadibodi nyingine kama hukuridhika, kadibodi ni bure, mpingo sio bure.

Pasua kipande kwa urefu upate vibao viwili vya unene wa milimita 3 na ushee. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unaweza, taratibu, mpingo ni mgumu na unapata joto sana ukilazimisha. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, na ukianza kupata vipele acha kwanza. Ukifika kwenye msasa laini sugua kwa maji kidogo, vumbi haliruki.

Gandisha vibao viwili kwa tepu ya pande mbili, sura za ndani zikitazamana, bandika kadibodi juu, kisha toboa matundu yote mawili kwa pamoja kwa biti ya milimita 1.6. Lazima drili iwe wima kabisa. Kama hauna drili ya kusimama, toboa kwanza tundu lililonyooka kwenye kipande cha mbao ngumu kinene, kifunge juu ya vibao, na kitumie kama muongozo wa biti. Tundu likienda upande, bapa nalo litaenda upande maisha yake yote. Ukimaliza kutoboa, vikiwa bado vimegandana, kata umbo na ulimalizie kwa tupa na msasa, ili vibao viwe mapacha kweli.

Alafu vitenganishe. Nje vipe mviringo, katikati vibaki kama milimita 2.5 hivi na kwenye kingo vipungue. Ndani ondoa kidogo sana katikati ya urefu, hii inasaidia kibao kupinda kidogo pini zikibana na bapa lisisugue mbao. Msasa 240, 400, 800, mpaka 2000, na mwisho nta kidogo ukisugua na kitambaa mpaka kipate joto la mkono. Ndani nako paka nta, maji ya kunyolea yanaingia huko na ndo yanaanza kuoza kila kitu.

Pembe ya ng'ombe nayo ni nzuri na ipo kila penye machinjio. Unaichemsha mpaka ilainike, unaibana kati ya mbao mbili ikiwa bado ya moto mpaka ipoe, inanyooka. Ila iache ikauke wiki kadhaa kabla ya kuikata, ikikatwa mbichi itajipinda ikishakuwa mpini. Harufu yake ukiisugua inabaki nguoni, fanyia nje.

Kabari

Wembe nyingi za zamani zilikuwa na kabari ya risasi. Sishauri kuitengeneza upya, vumbi la risasi ni sumu, na ukikuta ya zamani nawa mikono baada ya kuishika. Natumia mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukatolewa mafuta na kukaushwa, weupe wake kwenye mpingo mweusi unapendeza kuliko kitu chochote.

Kabari sio kipande bapa tu. Mbele vibao vimeachanishwa na unene wa mkia wa wembe, kama milimita 4 au 5, nyuma vinasogeleana, kwahiyo upande wa kabari unaotazama ncha ya bapa uwe mnene kidogo kuliko upande wa mwisho wa mpini. Anza na milimita 2.5 kwenda 1.5 na usugue kidogokidogo mpaka vibao vikilala juu yake kusiwe na mwanga unaopita. Kabari ikiwa nene sana wembe unalegea mbele na vibao vinaonekana vimevimba. Ikiwa nyembamba sana vibao vinabana bapa.

Usigonge pini bado. Funga kwanza kwa vibolti vidogo vyenye nati, fundi wa miwani anavyo vya saizi hiyo. Fungua na ufunge wembe mara nyingi. Bapa linatakiwa lishuke katikati bila kugusa kibao chochote. Likilalia kushoto, sugua upande mmoja wa kabari kidogo sana, funga, jaribu tena. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwasababu baada ya nyundo kurekebisha ni kufumua upya.

Kugonga pini

Waya wa brasi wa milimita 1.6 unapatikana maduka ya vifaa vya kuchomelea, zile fimbo za kuchomelea zisizo na dawa ya juu, au kwa sonara. Wosha ndogo za kuweka chini ya kichwa cha pini sonara anakutengenezea kwa dakika chache, mwambie unataka tundu la 1.6 na upana wa milimita 4 hivi.

Anza na pini ya nyuma. Pitisha waya, weka wosha pande zote, kata waya ubaki umetokeza chini kidogo ya milimita 1 kila upande, na upige tupa ncha ziwe bapa. Ikibaki ndefu pini itapinda ndani, ikiwa fupi kichwa hakitashika. Laza mpini kwenye chuma chenye uso laini, mgongo wa vaisi unatosha, na ushike nyundo ndogo ya kama gramu 100 yenye kichwa cha mviringo. Gonga kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, kwa kuzunguka ukingo wa pini na sio katikati, mara tano sita kisha geuza upande wa pili. Brasi itaanza kusambaa kidogokidogo mpaka iwe kama kofia ndogo. Sikiliza pia: mwanzoni mlio ni wa kuchezacheza, wosha ikishika mlio unakuwa mfupi na mkavu. Hapo simama.

Ya mbele ni hivyohivyo ila kila baada ya mapigo machache fungua na kufunga wembe. Unatafuta mahali ambapo bapa linakaa popote unapoliacha, halidondoki lenyewe na halihitaji nguvu. Nyundo nzito au hasira hapa inapasua kibao, na mpingo ukipasuka kwenye tundu hauna gundi.

Kunoa

Kinoo cha dukani cha visu, kile cha kijivu cha pande mbili, ni kinene mno. Unahitaji jiwe la namba 1000 la kutengeneza makali, kama 4000 au 5000 katikati, na 8000 au 12000 la kumalizia. Mawe ya asili yapo pia, koticuli ya Ubelgiji ina sifa kubwa kwa nyembe toka zamani. Kama mfuko hauruhusu, bandika msasa wa maji kwenye kioo kinene, maduka ya rangi za magari wana 2000, 3000 na mpaka 5000. Jua tu namba za msasa sio sawa na namba za mawe, msasa wa 2000 chembe zake ni kama mikroni 10 wakati jiwe la Kijapani la 8000 ni chini ya mikroni 2, kwahiyo baada ya msasa lazima umalizie kwenye ngozi iliyopakwa oksidi ya kromiamu, ile dawa ya kijani.

Jiwe liwe bapa kabisa. Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa uliolowa juu ya kioo mpaka mistari iishe yote.

Paka rangi ya makapeni kwenye makali pande zote. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote vinagusa, na usukume makali yakiwa mbele, uzito wa wembe wenyewe na kidole kimoja tu. Mwisho wa jiwe geuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo, usiuzungushe juu ya makali. Angalia rangi: inapoisha toka kisigino mpaka ncha pande zote mbili, makali yamekutana. Kama katikati imeisha na ncha bado, peleka wembe kwa mshazari, ukianza kisigino kiko juu ya jiwe na kuishia na ncha. Wembe usiokata nywele za mkono kwa urefu wake wote ukiwa bado kwenye 1000 usiupandishe namba, hakuna jiwe laini litakalofanya kazi ambayo 1000 haikumaliza. Ukipandisha, kila jiwe lifute mikwaruzo ya lililotangulia na mkono uzidi kuwa mwepesi.

Baada ya hapo mkanda wa ngozi. Mkanda safi wa ng'ombe, mpana, usio na mshono wala maua, uvute ukaze na upitishe wembe kinyume cha kwenye jiwe, mgongo mbele makali nyuma, mara 50 hivi. Mkanda ukilegea makali yanajikunja na kuwa butu.

Kunyoa na kutunza

Maji ya moto, sabuni yenye povu zito, wembe uegemee ngozi kama nyuzi 30, na ufuate uelekeo wa ndevu. Sisi wenye ndevu za kujiviringa tukinyoa kinyume au tukivuta ngozi sana, nywele inakatika chini ya ngozi na kurudi ndani, ndo vile vipele vya kidevuni. Nyoa ufuate ndevu, acha kivuli kidogo kibaki.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Usiazime wala kunyolea wateja, mpini wa mbao na nafasi ya ndani havichemshiki, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kabla ya kuutumia mara ya kwanza futa wote kwa spiriti ya asilimia 70 na uache ukauke. Jiki isiguse, inakula chuma.

Kila ukimaliza kunyoa, suuza bapa tu bila kuzamisha mpini, kausha mpaka kwenye pini kwa kona ya kitambaa, pitisha kwenye mkanda mara chache, na tone la mafuta ya cherehani kama hautautumia kesho. Uache wazi kidogo hewa ipite kabla ya kuufunga, na usiuweke bafuni. Ukiona unaanza kuvuta ndevu hata baada ya mkanda, mipito 10 kwenye jiwe la kumalizia inautosha, hauna haja ya kurudi 1000 mpaka siku utakapoudondosha.